Lori Likitetema: Kutambua na Kuondoa Ubovu wa Propela Shafti

Chama cha msingi chenye lori hulitegemea zaidi wakati wa msimu wa mazao, na ndio wakati mtetemeko hupuuzwa ili safari zisikatike. Mwisho wake chama hulipa mara mbili: tengenezo kubwa, na kodi ya lori jingine la kuokoa mazao ya wanachama yaliyokwama njiani.

Propela shafti ni bomba la chuma lipelekalo nguvu kutoka giaboksi hadi difu. Kila mwisho wake una krosi, yaani chuma cha umbo la msalaba kichezacho ndani ya beringi za sindano. Malori marefu huwa na shafti zaidi ya moja, zikishikiliwa na senta beringi. Shafti huzunguka mara kadhaa gurudumu lizungukapo mara moja. Kwa hiyo kosa dogo huleta mtetemeko mkubwa.

Kabla ya fedha kuidhinishwa, yafaa Katibu amwulize dereva mambo matatu. Kwanza, lori likiwa limesimama bila gia na injini ikikimbizwa, je, mtetemeko upo? Ukiwapo, kosa litafutwe kwenye injini au klachi. Pili, husikika wapi? Ukisikika kwenye usukani, magurudumu ya mbele yatazamwe kwanza. Ukisikika sakafuni na kitini kama mvumo wa haraka, ukabadilika kadiri ya mwendo, shafti yashukiwa. Tatu, je, chuma hugonga gia inapoingizwa au mguu unapoondolewa kwenye mafuta? Hiyo ni dalili ya krosi iliyolika.

Wakati wa ukaguzi lori lisimame mahali tambarare, injini izimwe, na magurudumu yawekewe magogo. Breki ya mkono haitoshi, kwani katika baadhi ya malori huishika shafti yenyewe. Shafti ikifunguliwa, lori halina kizuizi. Fundi aitikise shafti juu na chini, kisha aizungushe kidogo huku na huku. Krosi nzima hailegi. Atazame pia matope yaliyoganda, bomba lililobonyea, kibati cha kusawazisha kilichobanduka, nati zilizolegea na mpira wa senta beringi uliopasuka.

Matope yaondolewe na nati zikazwe. Krosi iliyolika ibadilishwe pamoja na beringi zake, isilehemiwe. Kabla ya kufungua, kila kiungo kitiwe alama ya rangi, kwani vipande vikirudishwa bila kulingana, lori litatetema hata kama vyote ni vipya. Shafti iliyopinda ipelekwe kwenye karakana yenye mashine ya kusawazisha. Krosi zenye nipeli zipigwe grisi mpaka ile mpya itokeze katika ncha zote nne.

Tarehe ya grisi iandikwe katika daftari la gari, na Kamati ilikague daftari hilo. Shafti ikikatika upande wa mbele huweza kuchoma ardhini na kulipindua lori, na juu ya lori hilo huwamo wapakiaji, ambao ni wanachama wenyewe.