Makaburi ya Picha Yasiyojulikana Sana katika Nchi ya Misri

Mkisikia makaburi ya Misri yakitajwa, mawazo yenu huenda mara kwa Mafarao, na kwa dhahabu ya yule kijana Tutankhamun ambaye kaburi lake lilionekana mwaka 1922. Hatutaki kuwapeleka huko, maana njia ile imekwisha kukanyagwa na watu wengi mno. Twataka mje pamoja nasi katikati ya nchi, mwendo wa kilomita 20 hivi kusini ya mji wa Minya, upande wa mashariki wa mto Nili, mahali paitwapo Beni Hasan. Huko jabali la mawe ya chokaa limesimama juu ya mashamba, na ndani yake yamechongwa makaburi makubwa 39. Waliozikwa humo hawakuwa wafalme, bali wakuu waliotawala jimbo lile yapata miaka 4,000 iliyopita.

Ukiingia katika yale yaliyo mazuri wakuta chumba kipana mfano wa kanisa dogo, nacho chategemea nguzo zilizoachwa katika mwamba wenyewe wakati wa kuchimba. Kuta zake zimejaa picha za rangi. Mafundi wa Misri walizoea kuusawazisha ukuta na kuupaka lipu nyembamba, kisha wakachovya uzi katika rangi nyekundu, wakauvuta na kuupiga ukutani, kama afanyavyo seremala kwa uzi wake wa ngeu, hata pakawa na miraba iliyo sawa. Kwa miraba hiyo walipima mwili wa mtu, goti hapa na bega pale. Rangi nyekundu na ya manjano zilitoka katika udongo, nyeusi katika masizi na makaa, nyeupe katika chokaa na jasi. Lakini buluu ilikuwa kazi, kwani waliipika kwa moto mkali, mchanga na chokaa na shaba pamoja, ndipo wakaisaga.

Na picha zenyewe ni za nini? Walitia kazi zote za nchi: watu wanaolima, wanaosokota kitani na kufuma, wanaofua nguo, wanaovua samaki. Kuna watu wanaochuma tini, na juu yao nyani wameketi matawini wakila kwa furaha, wala hapana awafukuzaye. Katika kaburi la Khnumhotep, mkuu wa pili wa jina hilo, uko mti wa mgunga uliojaa ndege, naye hudihudi hukosi kumjua kwa kishungi chake. Kaburi la Baqet, wa tatu wa jina hilo, lina popo miongoni mwa ndege. Na ukuta wake mmoja una jozi za wapiga mieleka zipatazo 200, safu juu ya safu. Fundi alimpaka mmoja rangi ya giza kuliko mwenziwe, ili mtazamaji asichanganye mkono wa huyu na mguu wa yule. Mwalimu wa michezo angeweza kufundisha kwa ukuta ule mwaka mzima.

Picha tuipendayo sana imo katika kaburi lile la Khnumhotep. Yaonyesha wageni kutoka Asia wakiingia Misri katika mwaka wa 6 wa mfalme Senusret wa Pili, yaani karibu miaka 1,900 kabla ya kuzaliwa Masihi. Wanaume wana ndevu na nguo za mistari na madoadoa. Wanawake wamevaa viatu vilivyofunika miguu. Watoto wawili wamepakiwa juu ya punda, na mtu mmoja aenda akipiga kinubi. Mbele yao yuko mkubwa wao, jina lake Abisha, ameinama kwa adabu huku akimshika mbuzi mwitu. Naye karani wa Kimisri ameshika ubao wenye hesabu yao: watu 37, nao wamemletea mkuu wanja. Waliochorwa ni 15 tu. Wengine wamo katika hesabu ya karani.

Hapa twawaomba walimu wenzetu wasimame kidogo. Katika karne ya 19 wako watu waliosema kwamba hawa ndio Yakobo na wanawe wakishuka Misri kwa Yusufu, na neno hilo lasikika hata leo, hasa kwa ajili ya zile nguo za rangi nyingi. Si kweli. Maandishi yamtaja Abisha waziwazi, na hesabu ni 37, hali kitabu cha Mwanzo chaihesabu nyumba ya Yakobo kuwa watu 70. Tena hawa walileta wanja, hawakuja kutafuta nafaka. Mtoto akifundishwa jambo hili kuwa ni Yakobo, kisha akasoma mwenyewe jina la Abisha, atauliza ni mangapi mengine aliyoambiwa vivyo hivyo. Yatosha kusema kwamba ukuta huu waonyesha jinsi watu wa Asia walivyovaa na kusafiri katika zamani zile.

Kusini zaidi, mahali paitwapo Deir el-Bersha, liko kaburi la mkuu Djehutihotep. Humo walichorwa watu 172 katika safu nne, wakikokota kwa kamba sanamu ya mkuu huyo iliyo na kimo cha dhiraa 13, nayo imewekwa juu ya chombo cha mbao kisicho na magurudumu. Mtu mmoja amesimama juu ya magoti ya sanamu akipiga makofi ili wavute kwa pamoja, na mwingine chini amwaga maji mbele ya chombo. Kwa muda mrefu wengi walidhani maji yale yalikuwa ya ibada tu. Lakini mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walijaribu, wakaona ya kuwa mchanga ukiloweshwa kwa kiasi chake, nguvu ya kuvuta hupungua kwa nusu. Basi mchoraji alikuwa akitueleza kazi, nasi hatukumsikia.

Yasikitisha kusema kwamba ukuta huo haukubaki mzima. Mwaka 1890 waharibifu waliuchokoa, na kipande kimoja cha picha za kaburi lile kimo London, katika Makumbusho ya Uingereza. Bahati njema, picha ya kamera ilikuwa imepigwa mwaka 1889. Mwaka 1891 alifika Beni Hasan kijana wa miaka 17, Howard Carter, yule yule aliyekuja kulivumbua kaburi la Tutankhamun, akafanya kazi ya kunakili chini ya Percy Newberry. Nakala za namna hii ndizo zituonyeshazo leo mengi yaliyopotea. Wala tusiwalaumu wezi pekee. Wakristo wa kale walihamia katika makaburi mengi ya majabali ya Misri, wakafanya makao na mahali pa sala; kule Amarna kaburi la Panehsy liligeuzwa kanisa, na picha zake kadhaa zikakatwa.

Siku hizi makaburi manne tu ya Beni Hasan hufunguliwa kwa wageni. Lakini chini ya yale ya wakuu, katika mteremko wa jabali, kuna mashimo ya makaburi mengine, ambayo John Garstang aliyachimbua katika miaka 1902 hadi 1904, akapata 888. Hayo hayana kuta za rangi. Humo walilazwa wasimamizi na makarani na watu wa nyumba za wakuu, wale wanaochorwa wadogo wadogo huko juu. Badala ya picha, jamaa zao waliwawekea sanamu ndogo za mti: mwanamke asagaye nafaka, ghala lenye karani wake, watu wapikao mkate, na mashua zenye wapiga makasia walioketi tayari kwa safari. Baadhi ya sanamu hizo zimo katika makumbusho ya Cambridge na Liverpool.