Nusu ya Barua Iko Kwetu

Andrew Carnegie alipouza viwanda vyake vya chuma cha pua mwaka 1901 kwa dola milioni 480, jina lake lilijulikana pembe zote za dunia. Jina la mtu aliyejibu barua zake halikujulikana hivyo, wala leo halitajwi sana. Aliitwa James Bertram, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1872, akafanya kazi Afrika Kusini akiwa kijana, kisha akarudi kwao na kuajiriwa mwaka 1897 kuwa katibu binafsi wa tajiri huyo. Kati ya 1883 na 1929, fedha za Carnegie zilijenga maktaba 2,509 duniani. Kati ya hizo 1,689 zilikuwa Marekani, na nyingine zilifika hadi Curepipe kule Morisi na mji wa Victoria huko Shelisheli. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, mji uliotaka maktaba ulimwandikia Carnegie ukajibiwa na Bertram. Mabunda ya barua hizo ni sehemu ya nyaraka za shirika la Carnegie Corporation, ambazo leo zinatunzwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Hoja yangu ni kwamba anayetaka kuelewa jinsi msaada unavyotolewa, na kwa nini huyu hupata na yule hukosa, aanzie kwenye barua za katibu kabla ya kusoma hotuba za tajiri. Na watu wa huku mpakani mwa Kenya na Uganda, baina ya Busia na Tororo, wana sababu kubwa kuliko wengi ya kuzijali barua za namna hiyo, kwa kuwa nusu yake iko mikononi mwao.

Bertram alikuwa mtu wa maneno machache. Mji ulipoomba maktaba, hakuujibu kwa shukrani wala kwa ahadi, aliutumia fomu. Mji una watu wangapi? Una maktaba sasa, na vitabu vingapi? Kiwanja kipo? Halmashauri itatoa kiasi gani kila mwaka kuiendesha? Majibu yakirudi yamepungua, aliandika tena kuuliza lile lile. Kiasi cha msaada kilikisiwa kwa idadi ya watu, takriban dola mbili kwa kila mkazi, na halmashauri ilipaswa kuahidi kutenga asilimia 10 ya kiasi hicho kila mwaka kutoka kodi yake yenyewe. Mji usioahidi haukupata. Kwa kuwa Carnegie alipigania tahajia rahisi ya Kiingereza, barua zenyewe ziliandikwa kwa tahajia hiyo, na wapokeaji wake wengi lazima walidhani mpiga chapa alikuwa mzembe. Ukizisoma kwa mfululizo unaona jambo ambalo sanamu na vibao vya ukumbusho havionyeshi kamwe: hisani kubwa ni ofisi yenye kanuni, na mwenye kushika kanuni hizo ana nguvu ambayo hakuna aliyempigia kura aishike.

Msomaji makini atapinga hapo hapo. Atasema katibu ni mkono tu, na mkono hauandiki bila kichwa. Fedha zilikuwa za Carnegie, na sharti la asilimia 10 lilikuwa lake. Ni kweli. Lakini tazama majengo yenyewe. Halmashauri nyingi zilichukua fedha na kuzimwaga kwenye kuba, nguzo na ngazi za fahari, hata nafasi ya vitabu ikawa finyu. Bertram alichoka na ubadhirifu huo, akaanza kudai aone ramani kabla fedha hazijatoka, na mwaka 1911 akatoa mwongozo mfupi wa ujenzi wenye michoro ya mfano: chumba kimoja kikubwa cha kusomea ambacho mkutubi mmoja anaweza kukisimamia, madirisha yaliyopandishwa juu ili rafu zipite chini yake, ukumbi wa mihadhara sakafu ya chini. Mamia ya miji yalijenga hivyo kwa sababu katibu aliamua hivyo. Mkono ulikuwa na kichwa chake. Hilo usingelijua kwa kusoma wasifu wa Carnegie. Unalijua kwa kusoma barua ambamo ramani za watu zinarudishwa zikarekebishwe.

Hadithi hii ingebaki ya Marekani na Uskoti kama Bertram mwenyewe asingekuja Afrika. Carnegie Corporation iliyoanzishwa mwaka 1911 ilitenga fungu kwa ajili ya makoloni ya Uingereza, na Bertram alikuwa katibu wa shirika hilo hadi alipofariki mwaka 1934. Mwaka 1927 yeye na rais wa shirika, Frederick Keppel, walisafiri katika makoloni ya Uingereza ya mashariki na kusini mwa bara hili wakitafuta mahali pa kuweka fedha za elimu. Hawakukuta ardhi tupu. Tayari mwaka 1924 tume ya elimu ya Phelps-Stokes iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones ilikuwa imezuru Afrika Mashariki, ikiwa na mjumbe mmoja Mwafrika, James Aggrey wa Gold Coast. Katibu wa tume ile alikuwa J. W. C. Dougall, na mwaka 1925, kwa fedha za Carnegie Corporation, ilifunguliwa shule ya Jeanes kule Kabete kufunza walimu wa vijijini, mkuu wake wa kwanza akiwa Dougall huyo huyo. Jina la shule lilitoka kwa Anna Jeanes, mama tajiri wa Philadelphia aliyetoa dola milioni moja mwaka 1907 kwa shule za Wamarekani weusi mashambani. Tazama mnyororo ulivyosokotwa: mali ya mwanamke wa Philadelphia ilizaa wazo, fedha za mfanyabiashara wa Pittsburgh zikasaidia shule, na aliyelileta wazo Kabete na kulisimamia alikuwa katibu. Mahali pale leo ni Kenya School of Government, ambako maofisa wa serikali za kaunti, Busia ikiwamo, hupelekwa kunolewa.

Maktaba nazo zilifika, na hapa ndipo barua zinaposema jambo zito zaidi. Baada ya ziara ya Keppel na Bertram, shirika lilimtuma mkutubi Mmarekani, Milton Ferguson, kuchunguza hali ya maktaba Afrika Kusini, Rhodesia na koloni la Kenya, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1929. Mwaka 1931 ikafunguliwa McMillan Memorial Library jijini Nairobi, iliyojengwa na Lady McMillan kumkumbuka mumewe, na Carnegie Corporation ikiwa miongoni mwa waliosaidia. Kwa zaidi ya miaka 25 Mwafrika hakuruhusiwa kuitumia. Iliwezekanaje fedha za mtu aliyetaka maktaba ziwe wazi kwa umma zikasaidia nyumba iliyofungiwa wengi nje? Jibu rahisi ni ubaguzi wa rangi wa zama zile, na ni jibu la kweli. Lakini kuna jibu la pili ambalo ni gumu kulikubali kwa sababu linatuhusu hadi leo. Mfumo wa Bertram ulisikia walioandika tu. Uliuliza idadi ya watu, kiwanja na kodi, na waliokuwa na taipureta, anwani ya posta na kiti katika halmashauri ndio walioweza kujibu. Kwenye makaratasi ya Nairobi wenye mji walikuwa Wazungu wachache, kwa sababu wao ndio walioshika kalamu. Mfumo unaotegemea barua humtumikia anayejua kuandika barua, hata kama mwenye fedha hana nia mbaya hata kidogo.

Sasa turudi mpakani. Hadi tarehe 1 Aprili 1902 hakukuwa na mpaka hapa. Nchi yote hii, hadi Naivasha, ilikuwa Uganda. Kisha mkoa wa mashariki wa Uganda ukahamishiwa upande wa Kenya ya leo kwa amri ya ofisi ya London, na jamii ya Wasamia wakajikuta wamegawanywa na mstari ambao hawakuuchora. Sehemu hii iliyozaa neno boda boda, kutokana na waendesha baiskeli waliovusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka, imekuwa tangu miaka ya 1990 mojawapo ya sehemu zilizochunguzwa mno duniani kwa fedha za wafadhili. Mwaka 1998 ulianza mradi wa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi za Budalangi na Funyula zenye watoto zaidi ya 30,000. Uchunguzi wake, uliofanywa na Edward Miguel na Michael Kremer na kuchapishwa mwaka 2004, unanukuliwa kila kona, na Kremer alikuwa mmoja wa watatu walioshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Shule zilipangwa katika makundi matatu ya shule 25: la kwanza lilipata dawa mwaka 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Kundi la kila shule lilitokana na mpangilio wa majina kwa alfabeti, kila shule ya tatu ikihesabiwa. Kwa maneno mengine, mtoto wa kundi la tatu alisubiri dawa miaka mitatu kwa sababu ya herufi ya jina la shule yake.

Simlaumu mtafiti. Fedha hazikutosha shule zote kwa mara moja, na kupanga kwa herufi ni haki kuliko kupanga kwa undugu na mwenye kuamua. Ninachosema ni kwamba tunajua kanuni hiyo kwa sababu upande wa mtoaji uliiandika, ukaihifadhi na kuichapisha, kama vile tunavyojua maswali ya Bertram kwa sababu kulikuwa na watu waliolipwa kutunza nakala. Msaada ni mazungumzo, na mazungumzo yana pande mbili. Upande wa pili uko kwenye kabati la chuma katika ofisi ya mwalimu mkuu, kwenye sanduku la mweka hazina wa kikundi cha akina mama, kwenye dari ya nyumba ya padri. Humo mna barua ya kwanza ya maombi na mikwaruzo yake, kumbukumbu za kikao cha wazazi, orodha ya waliochangia mchanga na mawe, jibu la kukataliwa. Adui zake ni mchwa, mvua, na mwalimu mkuu mpya anayetaka nafasi na kuagiza karatasi kuukuu zichomwe.

Wapo watakaosema, na kwa uzito, kwamba shule isiyo na vitabu haina haja ya makavazi. Shilingi ya rafu za faili ni shilingi iliyonyang'anywa mtoto. Pingamizi hili lina jibu lake Busia hapa hapa. Katika miaka ya 1990 shirika moja la Kiholanzi liligawa vitabu vya kiada katika shule za Busia na Teso, na utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba vilisaidia wanafunzi waliokuwa tayari mbele, huku wengi wa waliobaki wasipate faida ya kupimika. Sababu kubwa ilikuwa kwamba vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma vizuri. Mwalimu yeyote anayefundisha watoto wanaozungumza Kisamia, Kiteso au Kiluo nyumbani huliona hilo juma la kwanza la muhula. Maarifa yale yalikuwa upande wa wapokeaji kabla ya lori la vitabu kufika. Kama faili la shule lingehesabiwa kuwa ushahidi na lingesomwa, gharama ya kujifunza ingekuwa ndogo zaidi.

Pingamizi la pili lina nguvu kuliko hilo. Barua za maombi hazisemi ukweli mtupu. Mwombaji hujikunja, humwita mfadhili baba wa yatima, hukuza shida, huficha ugomvi wa kamati. Sawa, lakini lugha ya kuomba yenyewe ni ushahidi. Inaonyesha mwombaji alidhani mfadhili anataka kusikia nini, na dhana hiyo hutoka kwenye majibu aliyowahi kupokea. Ukiweka barua ya maombi kando ya kumbukumbu za kikao cha wiki iliyotangulia, pengo kati yake hukuambia mengi kuliko karatasi moja peke yake. La faragha ni zito zaidi: faili la shule lina majina ya watoto, magonjwa yao, nani alilipiwa karo na nani alikuwa yatima. Kenya na Uganda zote mbili zilitunga sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na sheria hizo zinatakiwa ziheshimiwe. Lakini kinga ya faragha ni kufunga kurasa fulani kwa miaka fulani, kama makavazi yote ya dunia yanavyofanya. Kuchoma faili zima kwa jina la faragha ni kumlinda aliyekula fedha pamoja na aliyeugua.

Mpaka unaongeza ugumu wake. Anayetafuta nyaraka za serikali kuhusu Busia ya kabla ya 1902 hana budi kuanzia kwenye makavazi ya Uganda. Za baadaye ziko Kenya chini ya makavazi yaliyoanzishwa mwaka 1965, na upande wa Tororo chini ya sheria ya Uganda ya mwaka 2001. Familia moja ya Kisamia inaweza kuwa na historia katika ofisi mbili zisizoandikiana. Ndiyo maana nadhani mahali pa kuanzia ni shuleni na parokiani, kwa vifaa vya karani wa zamani: rejista ya barua zinazoingia na zinazotoka, tarehe na nambari, nakala ya kila barua iliyotumwa, na sanduku la bati lenye mfuniko. Bertram hakuwa na kingine zaidi ya hivyo, taipureta na muhuri. Siku hizi maombi mengi huandikwa kwenye simu na kutumwa kwa WhatsApp, kisha simu huibiwa sokoni na miaka mitano ya mazungumzo na mfadhili hupotea nayo. Kuyachapa na kuyatia kwenye faili ni gharama ya sarafu chache.

Waliokuwa darasa la kwanza mwaka 1998 katika zile shule 25 za kundi la tatu sasa ni watu wazima wenye watoto shuleni. Mwalimu mkuu wa kila shule alipaswa kuwaeleza wazazi kwa nini shule jirani inapewa vidonge na yao haipewi, mwaka wa kwanza, wa pili, hadi wa tatu. Namna alivyoeleza, na walivyomjibu, huenda imo katika daftari la kamati ya shule mahali fulani kati ya Funyula na Budalangi, karibu na ziwa, ambako unyevu hula karatasi haraka.