Hoki ya barafuni, sehemu ya pili: Klabu hupunjwaje sokoni?

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza hoki ya barafuni inavyochezwa, na jinsi ilivyofika hadi Nairobi, ambako vijana wa timu ya Ice Lions walijifunza kuteleza katika uwanja mdogo wa Hoteli ya Panari, hata Kenya ikapokewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo Septemba 2024. Sehemu hii inaingia sokoni, mahali ambapo mashabiki wa Montreal, Boston na Calgary hubishana kwa ukali kuliko wanavyobishana kuhusu mechi zenyewe.

Ligi yenyewe ni NHL, yenye klabu 32: saba za Kanada na 25 za Marekani. Kila klabu mbili zinapobadilishana wachezaji, mashabiki huuliza: nani kapata, nani kapunjwa? Majibu hutoka palepale, kabla mchezaji hajakabidhiwa hata jezi mpya. Watu huhesabu mabao, hulinganisha umri, humtukana meneja mkuu. Lakini ukipitia historia ya ligi hiyo utaona kwamba kuna swali linalotangulia yote hayo: siku ile biashara inafanyika, nani alikuwa amebanwa?

Msomaji aliyezoea usajili wa Simba na Yanga, au wa ligi za Ulaya, itambidi aweke kando mazoea kadhaa. Katika soka klabu hununua. Inalipa ada ya uhamisho, inaelewana na mchezaji kuhusu mshahara, na mchezaji akikataa hakuna biashara. NHL hubadilishana. Mchezaji huhama na mkataba wake uleule, na klabu inayompokea hutoa wachezaji wengine, au haki ya kuchagua chipukizi katika uteuzi wa kila mwaka. Mchezaji mwenyewe kwa kawaida haulizwi. Anaweza kuwa amepumzika hotelini, simu ikalia, akaambiwa aripoti katika mji mwingine ulio mbali na mkewe na watoto wake. Wanaoruhusiwa kuwekewa kifungu cha kukataa kuhamishwa ni wale tu waliofikisha umri wa miaka 27 au waliocheza misimu saba, na hata hao lazima wakidai wakati wa kusaini mkataba.

Zoea la pili la kuweka kando ni lile la tajiri kununua anachotaka. Baada ya mgogoro wa kikazi uliofuta msimu mzima wa 2004–05, ligi na chama cha wachezaji walikubaliana kuweka kikomo cha jumla ya mishahara ambayo klabu inaweza kulipa. Kikomo cha kwanza kilikuwa dola milioni 39. Msimu wa 2024–25 kilifika dola milioni 88. Makubaliano hayo yalipiga marufuku pia fedha taslimu katika mabadilishano. Tangu hapo, nafasi iliyobaki chini ya kikomo ina thamani kama mchezaji. Klabu inayomtoa mtu inaweza kukubali kuendelea kulipa hadi nusu ya mshahara wake ili impate mnunuzi, na klabu ya tatu inaweza kuingia katikati, ikabeba sehemu ya mshahara huo na kupozwa kwa haki ya kuchagua chipukizi.

Kabla ya hapo fedha zilikuwa zikitajwa waziwazi. Tarehe 9 Agosti 1988, miezi mitatu haijatimia tangu Edmonton Oilers watwae Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, kwa mara ya nne katika miaka mitano, mmiliki wao Peter Pocklington alimtoa Wayne Gretzky kwa Los Angeles Kings. Gretzky aliondoka pamoja na wenzake wawili. Edmonton ikapata wachezaji wawili vijana, haki tatu za kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza, na dola milioni 15. Mji uliwaka. Watu walichoma sanamu ya Pocklington, na mbunge Nelson Riis aliitaka serikali ya Kanada izuie biashara hiyo. Oilers walitwaa kombe tena mwaka 1990 bila Gretzky, naye hakulitwaa tena, ingawa aliifikisha Kings fainali mwaka 1993. Shabiki anayehesabu makombe atasema Edmonton ilipata. Anayekumbuka alichokuwa Gretzky kwa mji ule hatakubali hata leo.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Patrick Roy, kipa wa Montreal Canadiens.

Roy aliipa Montreal Kombe la Stanley mwaka 1986 na 1993, na mara zote mbili alichaguliwa mchezaji bora wa mechi za mtoano. Oktoba 1995 uongozi wa klabu ulipinduliwa. Aliyeletwa kuwa meneja mkuu, Réjean Houle, hakuwahi kushika kazi hiyo, na kocha mkuu mpya, Mario Tremblay, hakuwahi kuwa kocha mkuu katika NHL. Haukupita muda mrefu kabla kocha na kipa hawajaanza kukwaruzana.

Usiku wa tarehe 2 Desemba 1995, Detroit Red Wings walifika katika uwanja wa Forum na kushinda 11–1. Roy aliachwa langoni huku mabao yakimiminika. Alipozuia shuti moja rahisi, mashabiki wake mwenyewe wakampigia makofi ya kejeli, naye akainua mikono juu kuwajibu. Tremblay alimtoa baada ya kufungwa mabao tisa katika mashuti 26. Roy alipita mbele ya kocha bila kusema neno, kisha akageuka na kumwendea rais wa klabu, Ronald Corey, aliyekuwa ameketi nyuma ya benchi, akamwambia kwamba hiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho Montreal.

Siku nne baadaye alikuwa mchezaji wa Colorado Avalanche. Aliondoka na nahodha, Mike Keane. Montreal wakapewa kipa Jocelyn Thibault na washambuliaji Andrei Kovalenko na Martin Rucinsky. Houle alikuwa na siku nne tu, na ligi nzima ilijua kwamba kipa wake hatarudi langoni. Mwenye shida akiingia sokoni na kila mtu anaijua shida yake, bei hupangwa na mnunuzi. Roy alitwaa kombe na Colorado msimu uleule, Juni 1996, na tena mwaka 2001. Montreal hawajalitwaa tangu 1993, wala hakuna klabu nyingine ya Kanada iliyolitwaa hadi fainali ya 2025.

Je, kila anayelazimishwa kuuza hupunjwa? La, na ushahidi uko ndani ya biashara hiyohiyo. Colorado Avalanche walikuwa ndio Quebec Nordiques waliohamia Denver mwaka 1995. Mwaka 1991 Nordiques walimchagua Eric Lindros akiwa chipukizi namba moja, kijana aliyesifiwa kuliko wote wa rika lake, naye akakataa kuichezea Quebec. Klabu ilibanwa kweli, lakini haikukurupuka. Ilikaa na haki ya Lindros mwaka mzima, na Juni 1992 ikaingiza wanunuzi wawili, Philadelphia Flyers na New York Rangers, ambao kila mmoja aliamini amekwisha kumpata. Ikabidi msuluhishi, Larry Bertuzzi, aamue, akaipa Philadelphia.

Bei ilikuwa ya kutisha: Peter Forsberg, Mike Ricci, kipa Ron Hextall, Steve Duchesne, Kerry Huffman, Chris Simon, haki mbili za kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza na dola milioni 15. Kwa haki mojawapo, mwaka 1993, Nordiques walimchagua kipa aitwaye Jocelyn Thibault. Ndiye huyo huyo aliyepelekwa Montreal kumleta Roy. Lindros alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1995 na aliifikisha Flyers fainali mwaka 1997, lakini hakutwaa kombe kamwe. Forsberg alitwaa mawili.

Calgary Flames nao walijua kusubiri. Msimu wa 1995–96 ulipoanza, Joe Nieuwendyk aligoma kucheza kwa sababu ya mkataba. Flames walivumilia hadi tarehe 19 Desemba, ndipo wakampeleka Dallas na kumpata Jarome Iginla, kijana wa miaka 18, mtoto wa baba Mnigeria, ambaye alikuwa hajacheza hata mechi moja ya NHL. Mwaka 1999 Dallas walitwaa kombe na Nieuwendyk akawa mchezaji bora wa mtoano. Iginla aliifungia Calgary mabao 525, mengi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya klabu hiyo. Kila upande ulipata ulichokifuata: Dallas kombe la wakati ule, Calgary nahodha wa miaka mingi.

Tangu kikomo cha mishahara kiwepo, hukumu imezidi kuwa ngumu. Tarehe 30 Novemba 2005, Boston Bruins, waliokuwa wakifungwa mfululizo, walimtoa nahodha wao Joe Thornton kwa San Jose Sharks na kupewa wachezaji watatu: Marco Sturm, Brad Stuart na Wayne Primeau. Thornton aliumaliza msimu huo akiwa kinara wa pointi na mchezaji bora wa ligi. Meneja mkuu Mike O'Connell alifukuzwa Machi 2006. Kwa hesabu ya wachezaji, Boston walipunjwa, na hilo halina utetezi. Lakini kiangazi kilichofuata walikuwa na nafasi chini ya kikomo, wakawasajili Marc Savard na Zdeno Chara, beki mrefu kutoka Slovakia, na Chara ndiye nahodha aliyenyanyua kombe mwaka 2011. Thornton alistaafu bila kulitwaa. Hapo ndipo ubishi wa mashabiki wa Boston unapokuwa na maana, kwa kuwa pande zote mbili zina hoja.

Kifungu cha kukataa kuhamishwa nacho hugeuza soko juu chini. Machi 2013 Calgary walikubali hatimaye kumwachia Iginla, ambaye mkataba wake ulimpa haki ya kuchagua aendako. Usiku ule Boston waliamini wamempata, na waandishi wakatangaza hivyo. Asubuhi ilipofika alikuwa mchezaji wa Pittsburgh Penguins, kwa sababu ndiko alikotaka. Calgary wakaambulia vijana wawili ambao hawakung'ara na haki moja ya raundi ya kwanza. Mashabiki walimlaumu meneja, lakini meneja angefanya nini? Mnunuzi alikuwa mmoja tu, naye kachaguliwa na mchezaji. Miezi miwili baadaye Boston waliwafunga Pittsburgh mechi nne kwa sifuri katika nusu fainali.

Mfano wa karibuni ni wa Mikko Rantanen, Mfini aliyetwaa kombe na Colorado mwaka 2022. Mkataba wake ulikuwa unaisha kiangazi cha 2025. Colorado waliona kwamba Julai angeweza kuondoka bure, hivyo tarehe 24 Januari wakampeleka Carolina Hurricanes, huku Chicago Blackhawks wakiingia katikati na kubeba nusu ya mshahara wake. Carolina walikuwa wamechukua hatari, kwani hakuwa amesaini nao mkataba mpya, na hakusaini. Tarehe 7 Machi, siku ya mwisho ya soko, walimwachia Dallas Stars kwa Logan Stankoven na haki nne za kuchagua chipukizi, mbili za raundi ya kwanza. Dallas walimpa mkataba wa miaka minane kwa dola milioni 96.

Raundi ya kwanza ya mtoano ikawakutanisha Dallas na Colorado. Katika mechi ya saba, tarehe 3 Mei, Colorado waliongoza 2–0 mwanzoni mwa kipindi cha tatu. Rantanen akafunga matatu katika kipindi hicho, Dallas wakashinda 4–2 na waajiri wake wa zamani wakaaga mashindano. Colorado hawakutoka mikono mitupu, maana walimpata winga Martin Nečas. Carolina nao, waliokuwa wamebanwa na kalenda kuliko wote, walipata malipo mazuri kwa mtu ambaye angewaponyoka Julai, na walifika nusu fainali sawa na Dallas.

Kwa hiyo shabiki asikimbilie kuhesabu mabao. Kwanza atazame mkataba umebakiza muda gani, halafu klabu ina nafasi kiasi gani chini ya kikomo. Kisha aulize ni wanunuzi wangapi walikuwa mezani, na kama mchezaji alikuwa na haki ya kukataa. Meneja anayelaumiwa kwa haki ni yule aliyejifungia mwenyewe mlango: aliyeuacha ugomvi wa kocha na mchezaji ukafika mbele ya mashabiki, au aliyengoja hadi mkataba unakaribia kuisha. Kosa la Montreal lilifanyika Oktoba 1995, walipowapa klabu kubwa watu wawili wasio na uzoefu. Desemba walilipa tu gharama yake.

Sehemu ya tatu itaeleza uteuzi wa chipukizi, na kwa nini klabu zinazofanya vibaya hupewa nafasi ya kuchagua kabla ya nyingine.