Je, Wajua? Gemu Huanza na Kitendo Kimoja

Je, wajua kwamba Tetris ilizaliwa bila picha hata moja? Mwaka 1984 Alexey Pajitnov alikuwa mtafiti mjini Moscow, na kompyuta aliyopewa, Elektronika 60, ilionyesha herufi na alama tu. Vipande vya mchezo akaviunda kwa mabano. Wazo alilipata kwenye fumbo la vipande vyenye miraba mitano mitano, lakini aina 12 za vipande zilikuwa nyingi mno kwa mchezaji anayekimbizana na muda. Akaondoa mraba mmoja katika kila kipande, zikabaki aina 7, ndizo zinazochezwa hadi leo. Skrini nayo ilikuwa ikijaa upesi, mchezo unakwisha kabla haujanoga. Akaamua kila mstari ukijaa ufutike. Kwangu mimi, maamuzi hayo mawili ndiyo Tetris yenyewe. Rangi na muziki vilikuja baadaye.

Je, wajua kwamba maadui wa Space Invaders (1978) hawakupangiwa kuongeza mwendo? Prosesa ililemewa na kazi ya kuwachora wote. Kila mmoja alipouawa mzigo ulipungua, na waliosalia wakazidi kwenda mbio. Mbunifu wake, Tomohiro Nishikado, aliliona hilo akaliacha kama lilivyo, na ugumu wa mchezo ukawa unapanda wenyewe.

Je, wajua kwamba Toru Iwatani alipobuni Pac-Man (1980) alianza na kitenzi “kula”? Vizuka vinne akavipa kila kimoja tabia yake: chekundu hukuandama, cha waridi hulenga mbele yako ili kikuzibie njia, na cha rangi ya chungwa hukusogelea kisha hukukwepa. Kama vyote vingekufuata kwa nyuma, ungechoka navyo mapema.

Je, wajua kwamba Super Mario Bros. (1985) haikuhitaji kumweleza mchezaji kanuni? Ukianza tu, adui anakujia taratibu kutoka kulia. Ukisimama, unakufa. Ukibonyeza kitufe cha kuruka, umeshajifunza.

Na kabla hawajakamilisha ramani za Super Mario 64 (1996), watengenezaji walimkimbiza Mario nyuma ya sungura, wakirekebisha mwendo wake mpaka kukimbia kwenyewe kukawa raha.

Wewe mwenye wazo la gemu, usianze na hadithi ndefu wala nembo. Andika sentensi moja: mchezaji anafanya nini muda wote, na nini kinamzuia? Kisha chora uwanja kwenye karatasi, tumia vizibo vya soda kama wachezaji, mwite mdogo wako acheze, nawe ukae kimya umtazame. Asipoomba kurudia, badilisha kanuni kwanza, ndipo ufungue kompyuta.