Je, Ni "Hapa" au "Apa"? Kelele za Kikuza Sauti katika Utafiti wa Lugha

Mtafiti arekodiye maongezi mjini Likasi hukabiliwa na swali linaloonekana dogo: je, msemaji ametamka "hapa" au "apa"? Kudondoshwa kwa /h/ ni miongoni mwa sifa zinazojulikana za Kiswahili cha Katanga. Lakini /h/ ni pumzi hafifu. Ikizama katika kelele za kikuza sauti, mtafiti ataandika kwamba haikutamkwa, na kosa la mtambo litageuka kuwa hoja ya isimu. Makala haya yanaeleza namna ya kutafuta chanzo cha kelele hizo.

Likasi, iliyoitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ilikulia katika viwanda vya shaba na kobalti, vilivyopata umeme wa maporomoko ya mto Lufira huko Mwadingusha tangu 1930. Penye mota na mitambo mikubwa, nyaya za umeme huweza kubeba vurugu hadi majumbani. Hivyo, hatua ya kwanza ni kuendesha kikuza sauti kwa betri, ikiwezekana. Kelele ikitoweka, chanzo kimo upande wa umeme.

Hatua ya pili ni kupunguza sauti hadi sifuri kwa kitufe chake. Kelele ikiendelea vilevile, inazaliwa baada ya kitufe hicho. Ikinyamaza, imetoka kabla yake. Katika hali hii ya pili, chomoa waya wa maikrofoni na kufunga tundu lake kwa plagi iliyounganishwa ncha zake. Kimya kikirejea, mkosaji ni waya au maikrofoni yenyewe.

Sikio nalo lina ushahidi wake. Umeme wa Kongo ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Mvumo mzito wa mizunguko 50 aghalabu huingia kupitia waya usio na ala ya nyuzi za shaba, au vifaa viwili vilivyounganishwa na ardhi kwa njia mbili. Tiba ni kutumia waya wenye ala na kuvichomeka vifaa hivyo mahali pamoja; waya wa ardhi usikatwe kamwe, kwani ndio unaolinda uhai. Mvumo wa mizunguko 100 humshtaki kapasita mkubwa wa kusawazisha umeme, ambaye hukauka kwa joto na uzee. Mikwaruzo isikikayo kitufe kinapozungushwa huonyesha vumbi ndani yake.

Kelele iliyo hatari zaidi kwa /h/ ni ile ya "shhh" isiyokoma. Hiyo huzaliwa na mwendo wa elektroni katika hatua ya kwanza ya kikuza sauti, wala haiondoki kabisa. Dawa yake si kuongeza sauti, maana kelele nayo hukuzwa, bali kumsogezea msemaji maikrofoni. Umbali ukipungua kwa nusu, sauti yake hupanda kwa takriban desibeli 6.

Mwisho, tusitegemee kuchuja kelele baadaye. Sauti za wanaume wengi huanzia karibu na mizunguko 100, hivyo kichujio kinachoondoa mvumo huweza kuondoa sehemu ya mtu. Afadhali kurekodi kwanza sekunde 10 za kimya cha chumba na kuhifadhi nakala asilia bila kuigusa. Mzee aliyesimulia leo huenda asisimulie tena. Kimya hicho kitamwezesha msikilizaji wa kesho kupima kama /h/ haikuwapo, au ilifunikwa tu.