Jino limetoka, taya bado linauma

Mgonjwa akirudi kwangu ameshika shavu siku chache baada ya kung'olewa jino, simuulizi kwanza panauma wapi. Mkono wake umeshanionyesha. Namuuliza, "Maumivu haya yalianza siku ya ngapi?" Wengine huudhika, kwamba daktari anataka tarehe wakati mtu anaugua. Lakini mara nyingi jibu hilo hunifaa kuliko picha ya eksirei.

Kijana mmoja wa bodaboda alikuja na mfuko wa dawa kutoka duka la mtaani: antibayotiki za aina mbili na vidonge vya maumivu, nusu vimeshaliwa. Gego lake la mwisho la chini lilitolewa Jumatatu. Jumanne alikuwa na nafuu, Jumatano akarudi barabarani, Alhamisi usiku hakulala. Maumivu yalipanda hadi sikioni, mdomo ukawa na ladha mbaya, na harufu yake mwenyewe ilimfanya ageuze uso akizungumza na abiria. Hakuwa amevimba wala kuwa na homa. Nilipomulika, mahali ambapo palitakiwa kuwa na donge la damu nyekundu iliyoiva palikuwa na shimo la kijivu na mfupa unaonekana chini yake. Nilipogusa tu ukingo kwa kifaa, aliinuka kwenye kiti.

Nafuu siku mbili, kisha mateso siku ya tatu au ya nne: kalenda hiyo ni ya kile tunachokiita shimo kavu. Jino likitoka, damu hujaa ndani ya shimo na kuganda. Donge hilo hufunika mfupa, na juu yake ndipo nyama mpya huanza kuota. Likiyeyuka au kung'oka kabla ya wakati, mfupa na ncha za neva hubaki wazi kwa mate, hewa na chembe za ugali. Hali hii imeandikwa na madaktari wa meno tangu 1896, na hadi leo tunabishana kuhusu chanzo chake. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kemikali za mwili zinazoyeyusha damu iliyoganda huanza kazi mapema mno. Kwa meno ya kawaida shimo kavu huwapata watu 1 hadi 5 kati ya 100. Kwa magego ya mwisho ya chini, hasa yaliyotolewa kwa taabu, idadi hupanda sana. Sigara huongeza hatari, na vidonge vya uzazi wa mpango pia. Kijana wangu, nilipombana, alikiri kwamba alivuta jioni ileile ya Jumatatu.

Nilisafisha shimo kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, nikaingiza kipande chembamba cha shashi chenye dawa iliyotengenezwa kwa mafuta ya karafuu. Ndiyo, karafuu ileile ya Pemba. Baada ya dakika chache mabega yake yalishuka, akaniuliza kama anaweza kula. Zile antibayotiki hazikuwa na kazi ya kufanya, maana hapakuwa na usaha wala maambukizi ya kuua. Alikuwa amenunua mharo na kichefuchefu kwa hela yake. Niongeze hapa kwamba bibi zetu hawakukosea kuhusu karafuu. Ila kuchomeka karafuu nzima kwenye kidonda kibichi, au kumimina mafuta yake makali nyumbani, huunguza nyama ambayo tunahangaika iote.

Maumivu yaliyokuwa makali siku ya kwanza na yanapungua kila siku ni ya kidonda cha kawaida, hayahitaji daktari wa pili. Usipoweza kupanua mdomo hata vidole viwili vipite, mara nyingi sindano ya ganzi ilipita kwenye msuli wa kutafunia, au kiungo cha taya mbele ya sikio kimechoka kwa kuachama muda mrefu. Kitambaa cha moto, uji, na kujinyoosha taya taratibu huleta nafuu ndani ya wiki moja au mbili. Ukihisi kitu chenye ncha kama mwiba wa samaki kinachomoza kwenye fizi wiki kadhaa baadaye, huenda ni kipande kidogo cha mfupa mfu kinachotoka. Wagonjwa wengi huapa kwamba ni mzizi ulioachwa. Mizizi huachwa kweli wakati mwingine, na hapo eksirei ndiyo itakayoamua. Na kama lilitolewa gego la juu, kisha maji unayokunywa yanatokea puani, rudi haraka na usipenge kamasi kwa nguvu.

Uvimbe unaoteremka chini ya kidevu na shingoni, ulimi unaoinuka, sauti inayobadilika, mate yasiyomezeka: hiyo ni hospitali usiku huohuo. Usingoje kukuche.

Aliyewahi kuchomwa sindano za kuimarisha mifupa kwa sababu ya saratani, au kupigwa mionzi kichwani na shingoni, aseme kabla jino halijaguswa. Mfupa wa taya lake unaweza kukataa kupona, ukabaki wazi miezi na miezi.

Yanabaki maumivu yanayonisumbua kuliko yote: jino limetoka, fizi imefunga vizuri, picha ni safi, na miezi mitatu baadaye bado panawaka. Wakati mwingine ni neva iliyojeruhiwa ambayo inaendelea kutuma habari za kidonda kisichokuwepo. Wakati mwingine jino halikuwa na kosa tangu mwanzo.

Mzee mmoja aliingia, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa midomo isiyofunguka. Upande wa kulia wa uso alikuwa amenyoa vizuri. Wa kushoto ndevu zilikuwa za wiki nzima. Ndevu zile ziliniambia mengi kabla hajakaa. Wembe ukigusa, maji yakigusa, hata upepo wa dirisha la daladala, anapigwa kitu kama shoti ya umeme kwa sekunde chache, kisha kimya. Kwa miaka miwili alikuwa ameng'olewa magego matatu ya upande huo, kila mara kwa matumaini mapya, na alikuwa amekuja nimtoe la nne. Nilikataa, akakasirika.

Ugonjwa wake ulikuwa kwenye neva kubwa ya uso, ile inayoleta hisia za meno, shavu na paji. Dawa yake ya kwanza ni kabamazepini, inayotumika pia kwa kifafa, na mwanawe aliposoma karatasi ya maelezo alinipigia simu kuuliza kama nimemfanya baba yake mwenye kifafa. Tulianza kwa dozi ndogo, tukapima damu, tukapandisha polepole kwa sababu ya kizunguzungu.

Wiki ya nne alirudi amenyoa pande zote mbili. Akapapasa shavu la kushoto kwa kiganja kizima, akanitazama. "Na yale matatu, daktari?"

Nilijifanya nasoma faili.