Je, Wajua? Pesa za bure zilivyokataliwa

Edward de Bono, daktari mzaliwa wa Malta aliyeandika kitabu cha kofia sita za kufikiri mwaka 1985, alisimulia kwamba aliwauliza wavulana 30 darasani huko Sydney, Australia: mnaonaje mkilipwa dola 5 kila wiki kwa kuja shule? Wote wakaafiki, nani akatae? Kisha akawataka wapange mambo ya wazo hilo katika mafungu matatu: mazuri, mabaya, na ya kuvutia tu. Hapo ndipo yalipoibuka mashaka: wavulana wakubwa watatupiga watunyang'anye, wazazi hawatatupa zawadi, na hela hizo zitatoka wapi? Walipoulizwa tena, 29 walikuwa wamebadili mawazo, na de Bono hakuwahubiria lolote. Mimi ningependa kumsikia yule mmoja aliyebaki.